Tusichanganye gemu na dubwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Barua hii ni ndefu kidogo, naomba univumilie. Jambo lenyewe limenikaa moyoni tangu baridi ya mwezi wa saba, na kila nilipojaribu kulieleza kwa maneno mawili matatu watu walielewa kinyume.

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, mzaliwa wa Manyoni, mpangaji wa Ipagala hapa Dodoma. Ni mtunza kumbukumbu katika ofisi moja kule Mtumba. Ajira ni mpya, nimeripoti mwaka huu. Na ninacheza gemu. Nilianza nikiwa darasa la nne na sijaacha. Karibu na ninapokaa palikuwa na chumba cha gemu, na mlango wa pili yake grosari yenye mashine mbili za dubwi, zile za kamari za kutumbukiza sarafu, barazani. Siku moja uongozi wa mtaa ukavifunga vyote kwa tangazo moja lenye mhuri mmoja, sababu ikiandikwa kuwa ni michezo ya kamari inayoharibu vijana. Tangu siku hiyo nimeitwa mcheza kamari na watu ambao hawajawahi kuniona nikinunua hata tiketi ya bahati nasibu.

Gemu nilijifunzia kwa mjomba. Alikuwa na chumba nyuma ya duka, si mbali na stesheni ya Manyoni, chenye mashine nne za gemu, zile za PS2, televisheni nne za chogo, mabenchi, na pazia la kitenge mlangoni ili jua lisipige kwenye vioo. Gemu moja dakika kumi, shilingi 200. Pedi zote zilikuwa zimezungushiwa seloteipu pale waya unapoingia, maana ndipo unapokatikia. Vile vijiti viwili vya kidole gumba, mpira wake ukibanduka, mjomba alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakipiga msasa, akakibandika kwa gundi ya viraka. Mpaka leo nikishika pedi mpya kidole kinautafuta ule ukwaruzo wa tyubu. Mashine ikigoma kusoma CD aliisimamisha wima. Ikigoma tena aliilaza kifudifudi, ikasoma. Sony walianza kuuza PS2 mwaka 2000 na wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, zikiwa zimeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na toleo la mwisho la PES, ile gemu ya mpira, kwa mashine hiyo lilitoka Novemba 2013. Kwa mjomba habari hizo hazikubadili kitu. Kuna fundi alikuwa akipita na flashi yake, anaingiza Simba na Yanga ndani ya PES ileile ya zamani, na jezi mpya, msimu unaendelea.

Juu ya televisheni ya kwanza kulining'inia kipande cha boksi alichokiandika kwa makapeni: ALIYEVAA SARE YA SHULE HAINGII. HAKUNA KUWEKA HELA. ANAYETUKANA ANATOKA. Mstari wa katikati ndio aliolinda kuliko yote. Nakumbuka vijana wawili waliokuja wakiwa wameshawekeana elfu tano tano kimyakimya. Mjomba alipogundua, mechi ikiwa katikati, alizima swichi ukutani. Akawarudishia kila mmoja shilingi zake 200, akawaambia, "Hapa mnalipia umeme na kiti. Hiyo biashara nyingine tafuteni pa kuifanyia." Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili. Tofauti ninayoizungumzia leo niliiona siku ile kwa mara ya kwanza, swichi ilipolia "ta!" na chumba kizima kikanyamaza.

Sasa nije kwenye kazi.

Siku ya kwanza ofisini tulitambulishwa masijala, mimi na kijana mwingine. Mkuu wetu ni mama mtu mzima. Namwamkia shikamoo kila asubuhi naye huitikia "marahaba mwanangu" bila kuinua macho kutoka kwenye rejesta. Siku hiyo aliinua macho. Akasema kila mmoja ataje jina, alikotoka, na anachopenda akiwa nyumbani. Kaka mmoja wa usafirishaji akasema anafuga kuku. Mwingine akasema anacheza drafti, tena akajisifu kwamba Majengo nzima hakuna wa kumfunga, watu wakampigia makofi. Zamu yangu ilipofika nikasema napenda kupika. Sipendi kupika, Mhariri. Napika kwa sababu nakula. Lakini neno "gemu" lilinikwama kooni, na nilirudi nalo nyumbani kwenye daladala, kutoka Mtumba, Ihumwa, Nanenane, hadi Ipagala, nikijiuliza kwa nini drafti inapigiwa makofi na changu nakificha.

Wanaoishi hapa wataelewa kwa nini jambo dogo kama hili linauma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini wimbi la watumishi tumeliona tangu 2016, Serikali ilipoanza kuhama kweli. Mji umejaa watu wa mikoa mingine waliopanga chumba kimoja. Jirani yangu wa kulia ametoka Kagera, wa kushoto Mtwara; tunasalimiana kwenye bomba na kwenye kamba ya nguo, basi. Saa 9:30 alasiri kazi inaisha, kumi na moja uko chumbani. Huna shangazi wa kumtembelea, huna kijiwe ulichokulia. Wenyeji Wagogo wana salamu yao nzuri, "mbukwenyi", nami nimejifunza kuiitikia, ila salamu haijazi jioni nzima. Kuna wanaoijaza kwa bia na wanaoijaza kwa kulala. Mimi nina PS4 niliyoinunua kwa mtu, imetumika, shilingi 480,000 kwa mafungu matatu. Naifunika kanga maana vumbi la Dodoma linaingia hata kwenye sukari iliyofungwa, na kila baada ya wiki mbili naifungua mgongo nasafisha feni kwa brashi ya rangi. Usipofanya hivyo inapiga kelele kama mashine ya kusaga.

Ijumaa saa mbili usiku nacheza na mjomba. Chumba cha biashara alishakifunga, sasa ana mashine moja nyumbani. PES yenyewe tangu 2021 inaitwa eFootball na inapatikana bure. Hata FIFA, gemu ya mpira ya kampuni nyingine, iliishia FIFA 23, baada ya hapo jina likabadilika kuwa EA Sports FC, ingawa vibandani bado wataiita FIFA mpaka wazeeke. Nawasha hotspoti ya simu. Kucheza kwenyewe hakuli bando sana, kinacholimaliza ni kupakua matoleo mapya, kwa hiyo kupakua nakufanya kwa mtu mwenye waifai na nampelekea soda. Tunaweka simu nyingine spika, tunacheza Dodoma na Manyoni, kilomita zaidi ya mia moja kati yetu. Mjomba si mtu wa simu. Ukimpigia atasema "wazima, huku salama," na kukata. Lakini akiwa na pedi mkononi anaongea saa nzima: uwele umeliwa na ndege, paa la jiko limeng'oka, bibi anakataa dawa za presha. Habari kwamba mama alianguka kisimani na akaficha mguu wake wiki nzima nilizipata dakika ya sabini na kitu, tukiwa moja moja. Tuliacha mechi palepale. Kesho yake nilikuwa kwenye basi.

Nasema haya kwa sababu watu wakitaka kuitetea gemu hukimbilia kusema inafundisha: inaongeza akili, inafundisha Kiingereza, inaleta umakini kazini. Mimi sisemi hivyo. Sijui kama PES imenifundisha kupanga majalada, na sidhani. Nacheza kwa sababu ni tamu, na kwa sababu ndiyo baraza langu na mjomba.

Sifichi pia kwamba imeniponza. Wiki ya tatu kazini nilipata CD mpya ya kuazima, si ya mpira, ni ya hadithi ndefu ya safari na mapigano, nikaambiwa irudi kesho yake. Nilicheza mpaka saa nane usiku. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa macho, mwili uko, akili haipo. Siku hiyo iliingia barua ya mama mmoja, mtumishi wa wilayani, anayeomba uhamisho amfuate mumewe mgonjwa. Masijala kazi yake inaonekana nyepesi kwa aliye nje: barua inafika, unaigonga mhuri wa kupokelewa na tarehe, unaiandika kwenye rejesta, unatafuta jalada lake, unaipa namba ya folio, unaifunga humo, jalada linapelekwa kwa afisa. Ukikosea hatua moja, barua imekufa, kwa sababu hakuna atakayeitafuta mahali ambapo haistahili kuwa. Nami niliifunga kwenye jalada la mtu mwingine, jina la kwanza na la tatu yanafanana, la kati ndilo tofauti. Ilionekana baada ya siku tisa. Yule mama alikuwa ameshakuja dirishani mara tatu, na mara ya tatu alikuja na kitambaa cha kufutia macho ameshakishika mkononi kabla hajauliza.

Mkuu wangu aliniita pembeni, akaniuliza kama naumwa. Malaria ilikuwa karibu sana mdomoni, Mhariri, hakuna anayeibishia malaria. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikesha nikicheza gemu. Alinyamaza, akasema, "Ungekesha kwa ngoma au kwa maombi, kwangu ni mamoja. Jalada la mtu ni maisha yake, mwanangu." Hakuongeza neno kuhusu gemu. Niliandika maelezo ya maandishi, yapo kwenye jalada langu binafsi, na yule mama nilimwomba radhi dirishani nikiwa nimesimama.

Baada ya hapo nilitafuta kusoma. Shirika la Afya Duniani liliupitisha ugonjwa wa uraibu wa gemu mwezi Mei 2019 na ukaanza kutumika rasmi katika orodha yao ya magonjwa Januari 2022. Wanaeleza mtu ambaye hawezi tena kujizuia, gemu imetangulia mbele ya kazi, chakula na ndugu, na anaendelea ingawa anaona madhara, na hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu kama miezi 12. Nilijipima kwa maneno hayo kwa uaminifu. Sikuwa huko, lakini niliiona njia ya kufika. Tangu wiki ile mashine inalala chini ya kanga Jumapili hadi Alhamisi, na CD za kuazima sichukui tena.

Sasa hili la mama mwenye nyumba, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tunatumia LUKU moja, mita ya umeme wa kulipia kabla, wapangaji watano. Mwezi wa saba umeme ukawa unaisha haraka, mchango wa elfu nane kila mtu haukufikisha mwezi. Jumapili akatuita uani. Alikuwa tayari na jibu. Akanigeukia mbele ya wenzangu, akasema, "Ni ile mashine yako ya kamari ndiyo inayotumalizia umeme."

Mashtaka mawili ndani ya sentensi moja. Nilichagua lile la umeme kwanza kwa sababu umeme una mita. Nikamwomba, shikamoo yangu mbele, kwamba Jumamosi tuzime kila kitu nyumba nzima, tuwashe mashine na televisheni yangu peke yake kwa saa moja, yeye mwenyewe akisoma mita. Alikubali. Wenzangu walizima mpaka taa. Tulikaa kwenye ngazi tukitazama kile kitaa chekundu kinavyopepesa, taratibu, kama mtu anayesinzia. Saa moja ilipotimia uniti zilikuwa zimepungua 0.13. Kisha kaka wa chumba cha nne akatumbukiza hita yake ya koili kwenye ndoo ya maji ya kuoga, kama afanyavyo kila alfajiri ya baridi. Kitaa kikaanza kukimbia. Ndoo moja ya vuguvugu ilikula zaidi ya uniti 0.4, yaani zaidi ya saa tatu za gemu yangu. Wanaooga maji ya moto tulikuwa wanne, mimi nikiwemo. Kwa bei tunayonunulia, shilingi 1,000 inatoa uniti 2.8 hivi, saa moja ya mashine yangu haifiki shilingi 50. Mama alikubali palepale, na nampa heshima yake kwa hilo. Kila mwenye hita sasa anaongeza elfu mbili.

Lakini lile la pili lilibaki. Akaniuliza, akiwa ameshika fremu ya mlango wangu na skrini inawaka nyuma yangu, "Sasa hapo ukishinda unapata shilingi ngapi?"

"Hakuna, Mama."

"Na ukishindwa?"

"Hakuna."

"Sasa unacheza ya nini?"

Nje, chini ya mwarobaini, mumewe alikuwa anacheza drafti na mzee mwenzake. Wana ubao wa mbao uliochorwa kwa rangi, kete zao ni vizibo vya soda, vya mmoja vimelala chali na vya mwingine kifudifudi, na kizibo kikigeuka kingi, yaani mfalme, wanapachika cha pili juu yake. Hukaa pale kuanzia alasiri mpaka giza liwazuie kuona miraba. Nikamwuliza mama, "Na Mzee akishinda anapata ngapi?" Akatazama kule kwa muda. Akasema, "Mzee anapumzika." Nikamwambia, "Nami napumzika, Mama." Hakujibu, lakini aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akatazama mechi yote.

Hapo ndipo neno langu lilipo. Kwetu bao linachezwa pwani na bara, wazee wanasifiwa kwa kujua kuhesabu kete, na hakuna aliyewahi kumwuliza mzee bao limemfundisha nini au limemwingizia kiasi gani. Kucheza kwake kunatosha. Kwa nini mchezo ukihamia kwenye skrini, na mchezaji akiwa kijana mwenye ajira, au mbaya zaidi mwanamke, lazima uwe na sababu au uwe na dhambi?

Kamari ni kitu kingine na ina sheria yake. Tunayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake, na mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki. Nadhani mkanganyiko mwingine unatoka kwenye lugha, maana hata jina la Bodi hiyo kwa Kiingereza lina neno "gaming" linalofanana na gemu, na wengi wakisikia moja wanaona lingine. Dubwi unatumbukiza sarafu ya 200, taa zinazunguka, huna unachofanya ila kungoja, na unatumbukiza nyingine kwa sababu ile ya kwanza imepotea. Nimewaona watoto pale barazani wakiwa na sarafu walizotumwa nazo chumvi. Hilo linaniuma kama linavyomwuma mwenyekiti wetu wa mtaa, na kwa dubwi kufungwa namuunga mkono kwa mikono miwili. Ila chumba cha gemu cha jirani unalipia dakika kumi kama unavyolipia kinyozi. Ukifungwa unaachia pedi, umekula dakika zako.

Nitakuwa mkweli pia kuhusu upande wetu. Zipo sehemu wanawekeana mzigo juu ya mechi, na mwenye chumba anafumba macho kwa sababu meza inajaa. Hiyo ni kamari hata kama skrini inaonyesha mpira. Na zipo gemu zenyewe zinazouza bahati ndani yake: unalipa pesa halisi, unafunguliwa pakiti, hujui utapata mchezaji gani. Mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya kubahatisha wa Ubelgiji waliamua kwamba pakiti za namna hiyo zinavunja sheria yao, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza nchini humo pointi za FIFA za kununulia pakiti hizo. Mimi sijawahi kununua pakiti hata moja, na mdogo wangu aliyeko sekondari nimemweleza kwa nini. Mzazi mwenye mtoto anayecheza gemu kwenye simu iliyounganishwa na pesa za mtandao, hapo ndipo pa kutazama. Mnapiga kelele mlangoni kumbe mwizi yuko dirishani.

Kijana aliyekuwa na kile chumba amemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, hajapata ajira kama mimi niliyebahatika. Televisheni tatu, mashine tatu, amekopa. Mwezi huu ameuza moja ili alipe kodi ya fremu iliyofungwa. Aliwahi kuniambia asubuhi wateja wake wengi walikuwa madereva wa bajaji wanaosubiri abiria, na jioni wapangaji kama mimi ambao hawana mashine zao. Sijamwona mtu wa mtaa aliyekwenda kukaa mle ndani hata nusu saa kabla ya kuandika lile tangazo.

Ninaloomba halina ugumu. Chumba kifunguliwe kwa masharti yaliyoandikwa na kubandikwa ukutani: wanafunzi wasiingie muda wa masomo, mwisho saa tatu usiku, na anayekutwa ameweka hela juu ya mechi atoke, mwenye chumba akifumbia macho afungiwe yeye. Dubwi zibaki zilivyo, kimya.

Mkutano wa mtaa umetangazwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa tatu asubuhi. Nitakuwepo, na nitasema kwa jina langu haya niliyokuandikia. Ofisini nako nimeshasema. Yule kaka wa drafti ameniuliza kama pedi ni ngumu kushika. Mjomba nilipomsimulia yote haya Ijumaa iliyopita hakusema kitu, tulimaliza mechi, akanifunga mbili bila. Jumanne nikapigiwa simu niende stendi ya Nanenane kuchukua mzigo wangu kwenye basi la Manyoni. Ni kile kipande cha boksi, amekifunga ndani ya gazeti na kamba ya katani. Pembe ya juu imeliwa na mchwa na mstari wa sare ya shule umefifia. Ule wa katikati bado unasomeka, na ndio nitakaokwenda nao mkutanoni.

Wako,
Mtunza kumbukumbu,
Ipagala, Dodoma